Oili Mpya Juu, Uchafu Chini

Hakuna asiyejua. Fundi anajua, dereva anajua, mwenye pikipiki anayengoja hesabu yake ya jioni anajua, muuza oili anajua, na mzee anayekunywa chai hatua kumi kutoka pale anajua, maana ameuona mchanga ule ukiwa mweusi mwaka baada ya mwaka na hajawahi kuuliza. Ijara nzima, kutoka Kotile hadi Hulugho, kutoka Masalani hadi Sangailu, tunajua jinsi oili ya pikipiki inavyobadilishwa kwetu. Nati inafunguliwa, oili inachuruzika dakika mbili, nati inarudishwa ilhali matone bado yanafuatana, chupa mpya inapinduliwa, pesa ya fundi inatoka mfukoni, pikipiki inaondoka na vumbi lake. Kilichobaki ndani kimefunikwa. Kilichotoka kimenywewa na mchanga. Na sote tunatawanyika tukiwa tumeridhika kwamba kazi imefanyika.

Kazi haikufanyika.

Pikipiki zetu nyingi, Boxer na TVS na nduguze, hubeba oili ya lita moja au kuzidi kidogo. Gari lina oili ya injini mbali na oili ya giaboksi mbali. Pikipiki hizi zina hiyo moja tu kwa kila kitu. Ndiyo inayolainisha pistoni, ndiyo inayotumikia gia, ndiyo inayoogesha klachi, na kwa kuwa injini zenyewe hupozwa na upepo, ndiyo inayosaidia kubeba joto la saa nane mchana kwenye mchanga wa kwenda Sangailu, abiria wawili nyuma na mfuko wa sukari juu ya tangi. Ikizeeka hujaa masizi, unga wa chuma uliosagika kwenye meno ya gia, petroli iliyopenya kwenye ringi zilizochoka, unyevu na asidi. Injini ikipoa, vitu hivyo vizito hutuama sakafuni, na fundi anayefungua nati ya injini baridi hukuta vimeganda huko huko. Sasa niambieni, sisi huifunga nati wakati gani? Huifunga pale ambapo uchafu wenyewe ndipo ungeanza kutoka. Tumetoa kilicho chepesi, tumekiacha kilicho kizito, kisha tumemimina juu yake oili ya mia kadhaa ambayo dawa zake za kusafisha na za kupambana na asidi zitaanza kumalizwa na mabaki tuliyoyafuga kabla pikipiki haijafika stejini.

Na visingizio tunavyo, tena vimepangwa kama chupa dukani. Imebaki kidogo tu. Mteja ana haraka. Oili mpya itaisafisha ya zamani. Hata ukingoja hadi kesho haitoki yote. Hili la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu lina chembe ya ukweli ndani yake, na sisi ni mabingwa wa kuifanya chembe ya ukweli iwe paa la uongo. Ni kweli haitoki yote. Vitabu vingi vya pikipiki huandika vipimo viwili vya oili, kimoja cha kubadilisha na kingine kikubwa kidogo cha injini iliyofunguliwa yote, kwa sababu aliyeiunda anajua kuna oili itakayonata kwenye njia nyembamba za ndani. Huyo amekusamehe kile usichoweza kukitoa. Je, amekusamehe na kile ulichoweza kukitoa ukaona uvivu kukingoja?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi hatutaki kuinama, wala hatutaki kungoja, na bado tunakitaka cha mvunguni. Kazi yenyewe haihitaji chuo. Washa injini dakika chache ili oili ipate moto na iyachukue masizi yaliyotuama. Simamisha pikipiki wima kwenye stendi ya kati, mahali palipo sawa. Ile stendi ya pembeni inailaza upande mmoja na oili inajificha upande huo. Fungua kifuniko cha juu hewa iingie. Fungua nati ya chini, weka beseni, uache. Itakapoanza kudondoka tone moja moja, iegemeze pikipiki kushoto, kisha kulia. Zima swichi, piga kiki taratibu mara kadhaa, uone kile kilichokuwa kwenye njia za pampu kikitoka kikiwa cheusi kama lami. Toa chujio cha wavu, kama injini yako inacho, ukioshe. Tazama washa ya nati kama bado ni nzima. Kisha pima oili mpya. Usikisie kwa jicho. Wapo wanaosukuma mabaki kwa kumimina dizeli au petroli ndani na kutikisa, wakajiona mafundi kuliko mafundi. Hao wanatoa uchafu mmoja na kuacha mwingine wa kuifanya oili mpya kuwa nyepesi kama maji. Kungoja tu kunatosha. Jambo zima halizidi dakika ishirini.

Dakika ishirini. Hizo ndizo tunazomwibia mtu aliyetuamini.

Mji wetu ni mji wa misikiti, na hakuna kijana wa Masalani ambaye hajasikia habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akaingiza mkono wake ndani ya lundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Juu palikuwa pakavu, chini pamelowa. Mwenye mali akajitetea kwa mvua. Naye akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, akamjulisha kwamba anayewaghushi watu hana fungu kwake. Hadithi hii imesomwa kwetu kwenye hotuba za Ijumaa, tumeitikia, tumepangusa nyuso, tumetoka nje tukavaa viatu. Kisha tumekwenda moja kwa moja chini ya mti wa fundi tukafanya lundo lile lile, safi juu na ovu chini, tofauti ni kwamba letu ni la maji maji na limefungiwa ndani ya chuma ambamo mkono wa mnunuzi hauingii. Au tulidhani hukumu ile iliishia kwenye ngano?

Mtazame fundi adhana ya adhuhuri inapolia. Anaacha spana. Anachukua sabuni ya unga na kiganja cha mchanga, anasugua mikono hadi kwenye viwiko, anapitisha kijiti chini ya kila ukucha, anarudia, ananusa, anarudia tena, kwa maana amefundishwa tangu utotoni kwamba chochote kinachozuia maji yasifike kwenye ngozi kinaharibu udhu. Mabaki ya oili chini ya ukucha wake hayavumilii hata kidogo. Mabaki ya oili kwenye injini ya mwenzake anayavumilia bila shaka yoyote. Kumbe anaujua usafi! Kumbe anajua kabisa kwamba kidogo kilichobaki kinaharibu kikubwa kilichoongezwa! Elimu anayo, subira anayo, macho ya kuona uchafu mdogo anayo. Ameamua tu ni nani anastahili vitu hivyo na nani hastahili.

Wala asidhani mtu kwamba namsimamisha fundi peke yake ili tumpige mawe. Fundi ni kioo chetu. Yuko mwenye pikipiki, mara nyingi mtu wa heshima, mwenye duka au mwenye mshahara, ambaye amempa kijana chombo na kumwekea hesabu ya kila siku; hesabu ikipungua anagomba, oili ikipita muda wake hasemi neno, na injini ikifa anamlaumu kijana. Yuko dereva anayeona pikipiki si yake na kwa hivyo kifo chake si chake, anayesogeza kubadilisha oili wiki hadi wiki, kisha siku akija anamsimamia fundi kichwani akimhimiza afunge upesi. Yuko muuzaji mwenye rafu mbili, ya mbele ya chupa halali na ya nyuma ya chupa zilizojazwa tena oili iliyochujwa kwa kitambaa, lebo ikiwa imenyooshwa vizuri, na anajua ipi ampe mgeni na ipi ampe binamu yake. Yuko abiria anayepatana bei hadi dereva abaki na pesa ya petroli tu. Yuko mwenyekiti wa stejini anayetoza faini kwa anayeruka foleni lakini hana faini kwa anayemwaga oili ardhini. Na tuko sisi wengine, tunaopita, tunaoziba pua.

Sote tumeshika spana.

Tena kuna watu wanaolipa kwa ajili ya haya ambao hawakuwahi kununua hata chupa moja. Kwetu pikipiki si mchezo wa vijana. Ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo posta, ndiyo inayokwenda kisimani na inayofuata mifugo iliyopotea. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku kijijini, hospitali ikiwa Masalani na barabara ikiwa mchanga mtupu, hupakiwa katikati ya dereva na shangazi yake. Injini iliyokuwa ikila ringi zake kwa miezi sita kwa sababu ya mabaki haichagui mahali pa kukwama. Inakwama pale palipo na joto na mzigo na mchanga mzito, yaani pale pale mama alipo. Na asubuhi tutasema ni qadari. Ni kweli kila kitu kiko katika elimu ya Mungu, lakini nati aliifunga mtu, kwa mkono wake, matone yakidondoka, na sisi tunamtwisha Mola kazi ya spana namba kumi na saba.

Hayo ni ya kilichobaki ndani. Sasa tuje kwa kilichotoka.

Kilichotoka tumekimwaga. Tumekimwaga chini ya mti kwa sababu hapo ndipo penye kivuli cha kufanyia kazi. Tumekimwaga kando ya barabara kwa sababu hapo ndipo wateja wanapopita. Na tumekimwaga karibu na silanga, lile bwawa letu la maji ya mvua, kwa sababu hapo ndipo tunapooshea pikipiki. Kivuli, njia, maji. Anayezijua hadithi na ashtuke hapa, kwa kuwa hapo ndipo mahali patatu ambapo Waislamu walionywa wasiende haja kubwa, wakaambiwa kwamba kufanya hivyo huleta laana. Kinyesi cha mtu hukauka kwa jua, wadudu wakakila, mvua ikakimaliza. Oili ya injini hubaki. Na sisi, wenye haya ya kuchutama kivulini, tunamimina kivulini kitu kibaya zaidi mbele ya watu, mchana, huku tukipiga soga.

Piga hesabu mwenyewe, usingoje mtaalamu. Chukua mji mdogo wenye pikipiki 300, kila moja ibadilishe lita moja kwa mwezi. Ni lita 3,600 kwa mwaka. Ni mapipa 18 yale ya lita 200. Lau lori lingekuja na mapipa 18 ya oili chafu likayapindua mbele ya msikiti, dereva wake asingetoka mjini salama. Sisi tunayapindua kwa kikombe, basi hakuna anayeona. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekuwa likiwaonya raia wake kwamba oili iliyotolewa kwenye gari moja, mara moja tu, inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, mahitaji ya watu 50 kwa mwaka mzima. Gari hilo lina oili ya pikipiki nne hivi. Pikipiki nne hubadilishiwa oili kwetu kabla ya chai ya saa nne.

Tusijifanye tumesahau. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama, tuliwainua kwa mikia, tuliwazika kwa tingatinga. Tulipanga mitungi usiku kucha tukingoja boza la maji, na lilipofika akina mama walipigania tone. Tulilia kwa Mungu, misikiti ikajaa, tukaswali swala ya kuomba mvua. Kisha Novemba 2023 mvua ikaja kwa hasira, Tana ikavunja kingo, barabara zikakatika, mito ya mchanga iliyokuwa mikavu ikafurika, na kila kilichokuwa juu ya ardhi kikashuka bondeni. Silanga zikajaa. Ule mchanga mweusi wa chini ya miti ya mafundi mnadhani ulibaki ukitungoja? Tuliomba maji miaka mitatu, na tulipopewa tulikuwa tumeshayaandalia najisi njiani.

Hapo ndipo wanaponijibu: oili chafu si ya kumwaga tu, ina kazi. Twaipaka kwenye nguzo mchwa wasile. Twampaka ngamia mwenye upele. Kweli, mnafanya hivyo, na baadhi yenu mnafanya kwa sababu dawa ya mifugo iko mbali na bei yake iko juu zaidi. Kwa hilo lawama si yenu peke yenu. Lakini ngamia hujilamba, na ndama wake hunyonya. Madaktari wa mifugo katika nchi nyingi wanajua jinsi ng'ombe anavyoipenda ladha ya oili kuukuu na jinsi inavyomuua, hasa enzi zile za petroli yenye risasi, ambayo Kenya iliachana nayo kufikia 2006. Risasi ile imepungua. Unga wa chuma na moshi ulioyeyukia ndani ya oili haujapungua. Na Ijara bila ng'ombe ni nini? Mahari ni ng'ombe, karo ni ng'ombe, jina la mtu ni ng'ombe.

Ajabu ni kwamba hasira tunayo, tena nzuri, ila huwa tunaiazima kwa mambo ya wenzetu. Tuliposikia ya Owino Uhuru kule Mombasa, kijiji kilichotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, tulisema laana iwashukie. Mahakama ilipowapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024 baada ya Mahakama ya Rufaa kuifuta, tulisema haki imesimama. Kesho bomba la mafuta la LAPSSET likipita katika ardhi hii na kupasuka, tutafunga barabara, tutaita waandishi wa habari, wabunge watavaa kanzu nyeupe za maombolezo. Na tunayo fahari ya kweli ya kujivunia: swala hirola, aliyebakia mia chache tu duniani kote, yuko hai kwa sehemu kubwa kwa sababu wafugaji wa hapa walikubali kumlinda, wakatenga hifadhi ya Ishaqbini, na mwaka 2012 wakamjengea uzio. Wageni hutoka mbali kuja kutusifu. Nasi huwapokea, huwaonyesha hirola kwa vidole, na njiani tukirudi mjini tunawapitisha juu ya mchanga mweusi bila kuona haya. Tumemlinda mnyama asiumwe na simba. Nani atamlinda na maji yetu?

Sheria haikukosekana. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 69 kinamwekea wajibu wa kuyatunza. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kumwaga oili ardhini na majini. Hata ya taka ipo, ya 2022. Zote zimekaa vizuri ofisini. Viongozi wetu wanaojua idadi kamili ya pikipiki za kila kijiji siku ya msafara wa kampeni, na wanaozijaza petroli zote asubuhi hiyo, hawajawahi kuuliza pikipiki hizo hizo zinamwaga wapi oili yake. Na wazee, ambao xeer yao, sheria ya mila, ilisimamia visima, zamu kwa zamu, ukoo kwa ukoo, wakamtoza mbuzi au ndama aliyevunja adabu ya maji, leo wanasema mambo ya pikipiki ni ya vijana.

Vijana hao basi wako wapi? Wako chini ya injini. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, aliyeacha shule ukame ulipomaliza mbuzi wa baba yake, analala chali akipokea oili ya moto kwa viganja vitupu, anajifuta kwa shati, anakula sambusa kwa mkono huo huo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vya kutosha katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na oili iliyotumika huzidi kukusanya sumu kila inapochemka. Sisi tunamwita mwanagenzi, tunamtuma chai. Hatujamnunulia hata glavu.

Nimechoka kusikia kwamba hatuna uwezo. Beseni tunalo. Mtungi wa lita ishirini uliokatwa ubavu unatosha kwa fundi mmoja. Pipa tupu lipo nyuma ya kila duka. Nairobi na Mombasa kuna wanaonunua oili chafu kwa ajili ya tanuri za viwanda, na malori yanayopeleka ng'ombe wetu pwani hayashindwi kubeba pipa moja lililofungwa vizuri.

Kwa hivyo, wenyeviti wa stejini, wekeni pipa kabla ya mvua ndefu za Gu, na anayemwaga nje yake atozwe kama mnavyomtoza anayeruka foleni. Maimamu, hadithi ya lile lundo la nafaka isomeni Ijumaa ijayo, na safari hii mtaje pikipiki. Wenye pikipiki, punguzeni hesabu siku ya kubadilisha oili. Nawe dereva, usiondoke pale. Simama, tazama chini, na matone yakiwa bado yanafuatana, mwambie fundi asifunge.